Mpiga dramu wetu wa rock ameweka vijiti chini, sasa ni mchoraji. Mbona mnataka arudi?

BesiYaMenengai (mleta uzi)

Wadau hamjambo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mliokuwa mkija mazoezini kwetu Shabab hapa Nakuru, kile chumba cha mabati nyuma ya gereji, mnamkumbuka mpiga dramu wetu. Simtaji jina kwa sababu hajaniomba nimtangaze, na akijiona humu atanipigia simu usiku wa manane. Tumepiga rock naye tangu tukiwa vijana wa kuazima vyombo vya kanisa. Mimi besi, yeye dramu. Gita likikosea sisi wawili tunalifunika, mwimbaji akisahau maneno tunamzungushia mpaka akumbuke, lakini mpiga besi na mpiga dramu wakipishana wimbo umekwisha hapo hapo.

Basi ameacha. Hakugombana na mtu, hakurusha vijiti. Ameacha na sasa anachora: kanvasi, rangi, brashi, mwenyewe kwenye chumba alichokodi karibu na Langa Langa. Na kila nikikutana na watu wa zamani Kenyatta Avenue, salamu haijaisha wameshauliza, "Atarudi lini?" Kama amelazwa vile.

Kwanza mjue rock Nakuru ni kazi ya namna gani. Mji huu umelea marapa wa kutosha, na wikendi ukipita klabu utasikia Mugithi, rhumba, reggae. Ukimwambia mwenye klabu mnapiga rock, anauliza kama mnajua pia zile nyimbo za country. Wasikilizaji wenyewe wako Nairobi, kilomita kama 160, na dramu hazikai kwenye mkoba. Mimi nabeba besi mgongoni nimepanda matatu. Yeye anataka gari, Probox ya mizigo, anataka mtu wa kumsaidia kubeba, na mkifika mlangoni anataka bawabu aamini kwamba huyu ni msanii wala si mtu anayehama nyumba. Malipo yakitoka yanaishia kwenye mafuta ya gari. Kuna mwandaaji alitukalisha mpaka saa tisa usiku tukingoja pesa ya mlango, kisha akazima simu. Sisi wengine tulikuwa tumeshafunga vyombo, tunalalamika kwenye viti. Yeye alikuwa bado sakafuni anafungua skrubu za stendi.

Ikaja Machi 2020. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, kafyu ikaanza tarehe 27 mwezi huo na haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Bendi nzima ikawa ya kutumiana sauti kwa simu. Mwimbaji ataimba chumbani. Mimi nitachomeka besi nisikilize kwa spika za masikioni. Yeye je? Jirani wa huku ana mtoto mchanga, jirani wa kule ni mzee wa kanisa. Dramu zikafunikwa shuka.

Ndipo akaanza kwenda kwa fundi mmoja wa mabango kule Bondeni, hawa wa kuandika "Hoteli", "Kinyozi", "Bucha". Alienda kutafuta pesa ya unga, basi. Mzee akamfundisha kuvuta mstari mrefu bila kuinua brashi: mkono wa kushoto unawekwa ukutani uwe egemeo, wa kulia unateleza juu yake, pumzi unaibana mpaka herufi iishe. Ng'ombe wake wa kwanza wa bucha alikuwa na miguu ya mbuzi, mwenye bucha akakataa kulipa nusu. Lakini herufi! Herufi zilinyooka tangu siku ya kwanza. Mikono ile ilikuwa imezoea kurudi mahali pale pale mara elfu.

Siku hizi anachora zaidi ile migunga iliyokufa Ziwa Nakuru. Mliopita huko mmeiona. Ziwa lilipanda, likameza hadi lango kuu la zamani la mbuga, na migunga ya ufukweni ikafia majini imesimama. Vigogo vyeupe, maji ya kijivu, hakuna flamingo hata mmoja kwenye picha. Mtu wa utalii hanunui hiyo. Nilimwambia aweke flamingo wawili watatu akanitazama tu.

Mara ya mwisho nilimkuta anawamba kitambaa kwenye fremu. Anaanza katikati ya ubao wa juu, stepla moja. Anageuza, anavuta, moja chini. Kushoto, kulia. Kisha anaelekea pembeni kwa kupokezana, huku moja, ng'ambo moja. Nikamwambia, bwana, hivi ndivyo ulivyokuwa ukikaza ngozi ya dramu ya sneya, skrubu hii kisha inayotazamana nayo. Hakunijibu. Aligonga kitambaa kwa ukucha, akainamisha kichwa kusikiliza, akarudi kuongeza stepla upande mmoja.

Maoni yangu ni haya. Hakuchoka muziki. Alichoka kungoja watu. Mpiga dramu hawezi kuanza kazi mpaka wengine wafike, umeme uwepo, jirani atulie, gari lipatikane. Mchoraji akiamka saa kumi usiku anachora. Kwa hivyo wanaosema tumrudishe, mnamrudisha kwenye nini hasa?

---

MzeeWaSection58

Kijana wangu, nimesoma yote. Umeandika vizuri, lakini umemtetea mno rafiki yako.

Mtoto huyo nadhani namjua, kama ndiye yule aliyekuwa akipiga kwa ibada ya pili. Sisi ndio tuliochanga hela za zile dramu. Hakuna aliyemtoza ada ya kujifunza. Akaenda kwenye rock, tukanyamaza, tukasema ni ujana. Sasa ameacha hata hiyo. Kipawa ulichopewa mbele ya watu huwezi kwenda kukifungia chumbani. Achore, ni kazi halali na mimi nina picha ukutani. Lakini Jumapili ni muda wa saa mbili tu. Kwa nini asije?

---

Kijana_wa_Kondele

Kwa hivyo hizo dramu zinauzwa? Naulizia rafiki.

---

BesiYaMenengai

@Kijana_wa_Kondele haziuzwi bana.

@MzeeWaSection58 shikamoo mzee. Ndiye huyo huyo. Sijawahi kumuuliza kuhusu Jumapili, na kusema kweli sijui nianzie wapi.

---

Fundi_Sauti

Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti, nafunga spika harusini, matangani na kwenye mikutano ya siasa kuanzia Kakamega hadi Busia. Naona mnajadili roho ya mtu na hakuna aliyeuliza habari za masikio yake.

Taasisi ya Marekani inayoshughulika na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. 88 ni saa 4. 91 ni saa 2. Ukifika 100 una dakika 15 kwa siku. Dramu za rock, ndani ya chumba cha mabati, zinavuka 100 bila kutoka jasho, na matoazi yako usawa wa sikio la anayepiga. Mleta uzi, ninyi mazoezi yenu yalikuwa ya dakika 15?

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kinachobaki kwa wengi ni mlio ambao mwingine hausikii, kama filimbi au mvumo, na unazidi pale kunapokuwa kimya. Viziba-sikio vya povu ni bei ya soda, lakini mwambie kijana wa rock avae uone atakavyokuangalia.

Sisemi ndicho kilichomtoa. Nasema mpiga dramu akiacha ghafla, mimi nauliza masikio kwanza, kisha viganja na mgongo. Mengine baadaye.

---

Nyar_Dunga

Mimi nachora, niko Kisumu, na ndiyo kazi inayonilisha pamoja na kufundisha watoto wikendi. Mleta uzi, nimecheka pale uliposema mchoraji hana cha kungoja. Kaka yangu, rangi ni kungoja kutupu!

Anatumia rangi gani? Kama ni akriliki, hiyo inakauka kwa dakika chache, na kwa upepo wa Nakuru inakaukia kwenye brashi kabla hujafikisha ukutani. Tena ikikauka inageuka kuwa nyeusi kidogo kuliko ulivyoiona ikiwa mbichi, kwa sababu gundi yake ikiwa na maji ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa wazi. Kwa hiyo anayechora maji ya kijivu kama huyo lazima achanganye kijivu cheupe kuliko anachotaka, angoje, aone. Kama ni rangi ya mafuta, tabaka moja laweza kuchukua siku kadhaa kushikika na lile nene wiki nyingi. Unaweka, unageuza picha itazame ukuta, unaenda zako sokoni Kibuye kununua omena.

Kisha unangoja mnunuzi. Kisha nyumba ya sanaa, na nyingi zinakata kati ya asilimia 30 na 50 ya bei. Kisha unangoja walipe hizo zilizobaki. Mwandaaji wako wa saa tisa usiku ana ndugu zake huku kwetu, tena wamevaa suti.

Kitu kimoja umesema kweli: kazi ya kuchora inaanzia kwa mtu mmoja. Lakini hilo lina ubaya wake. Bendi ina tarehe. Mmebandika bango, watu wanakuja Ijumaa, wimbo utakuwa umeisha upende usipende. Picha haina Ijumaa. Nina picha ya gugumaji ilinikaa nyumbani mpaka mtoto wangu akawa anaiita "ile ya mama isiyoisha". Huyo rafiki yako hahitaji kurudi kwa bendi, anahitaji mtu wa kumpa tarehe.

Na mwambie hivi leo leo: vitambaa vya kufutia mafuta ya linsidi, yale ya kwenye rangi ya mafuta, visirundikwe kwenye ndoo. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na rundo likikosa hewa linaweza kuwaka lenyewe. Avitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au avitie kwenye mkebe wa chuma wenye maji na kifuniko.

---

KabatiLaKaseti

Uzi wa maana. Ngoja niongeze historia kidogo, maana mnaongea kana kwamba jambo hili limeanzia Shabab.

Stuart Sutcliffe alipiga besi na The Beatles kabla dunia haijawasikia. Besi yenyewe aliinunua kwa pesa ya picha: mchoro wake ulionyeshwa Liverpool kwenye maonyesho ya John Moores, ukanunuliwa pauni 65. Mwaka 1961 akaacha bendi Hamburg, akabaki kusoma sanaa chini ya mchongaji Eduardo Paolozzi. Aprili 1962 akafariki, miaka 21, damu ilivuja kichwani. Watu humwonea huruma eti alikosa utajiri wa Beatles. Mimi nikitazama zile picha zake za mwisho, nzito, zimejaa, sioni mtu anayejuta.

Don Van Vliet, yule Captain Beefheart, alitoa albamu yake ya mwisho 1982 na hakurudi tena. Alichora hadi alipofariki 2010. Huyu alikuwa mwimbaji, siyo dramu, lakini namleta kwa sababu inasimuliwa aliambiwa wazi: ukiendelea kuimba, walimwengu wa sanaa watakuona mwanamuziki anayechezea rangi. Dunia ile haipendi mtu mwenye milango miwili.

Upande wa pili yuko Charlie Watts wa Rolling Stones. Alikuwa mchoraji wa kampuni za matangazo kabla ya bendi, na kwenye ziara alikuwa akichora kila kitanda cha hoteli alicholala. Kila kitanda! Miaka na miaka. Na dramu hakuziacha, alikufa Agosti 2021 akiwa bado mpiga dramu wa bendi ile ile. Rick Allen wa Def Leppard alipoteza mkono wa kushoto kwenye ajali ya gari siku ya mwisho ya 1984, akatengenezewa dramu za umeme anazopiga kwa miguu na mkono mmoja, akarudi jukwaani. Naye anachora, na bado anapiga.

Bill Berry, mpiga dramu wa bendi ya R.E.M., aliacha 1997 akaenda kulima. Miaka miwili kabla ya hapo mshipa ulimpasuka kichwani akiwa jukwaani Uswisi. Alipona, akapiga tena, kisha akasema basi. Wenzake walibaki watatu na hawakumwandama.

Huyo wenu anaangukia wapi sijui. Lakini anayesema mpiga dramu hawezi kuchora huku anapiga, Watts anamjibu. Na anayesema haruhusiwi kuacha, Berry anamjibu.

---

HesabuZaMama

Nyote mmeongea vizuri, sasa niulize la kijijini: anakula nini? Huyu wa Langa Langa kodi analipa na migunga iliyokufa?

---

BesiYaMenengai

@HesabuZaMama swali halali. Mabango ndiyo yanalipa kodi. Bado anayapiga, Jumatatu hadi Jumatano, na siku hizi ng'ombe wake ana miguu ya ng'ombe. Picha zinalipa rangi na kitambaa, mwezi mzuri na umeme pia. Ukilinganisha na bendi, hajapungukiwa. Bendi ilikuwa inatoa kwetu, siyo kutuletea.

@Nyar_Dunga dada, nimemtumia ile ya vitambaa sasa hivi. Amejibu kwa alama ya moto na mbio, nadhani amevitoa nje.

---

Wa_Karagita

Mnaenda Hamburg kutafuta mifano na Naivasha iko hapa, kaunti hii hii ya Nakuru.

Sane Wadu alikuwa mwalimu. Miaka ya 1980 akaacha kazi ya serikali, ya mshahara, achore. Mwalimu wa wakati huo mnaelewa alikuwa nani kijijini. Watu wakasema amerukwa na akili, naye akajiita Sane makusudi kuwajibu. Alianza kwa vitambaa na rangi alizoweza kuzipata, baadaye kazi zake zikaingia Gallery Watatu Nairobi, zikaenda nje, na 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI Nairobi ikamwandalia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake. Ameishi na kuchora Naivasha, na mkewe Eunice naye ni mchoraji. Vijana wengi wa huku wamefundishwa na hao wawili.

Kwa hivyo huyo mpiga dramu hata si wa kwanza wa kaunti kuitwa mwendawazimu. Mwambieni apande matatu ashuke Naivasha, atazame watu wanavyoishi kwa kazi hii, badala ya kushauriwa na sisi.

Jambo jingine, kama anatafuta weupe wa vigogo: ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi, pale karibu na Elementaita, ni mabaki ya viumbe wadogo wa ziwa la kale, na viwanda vya rangi hutumia udongo wa aina hiyo kupunguza mng'ao. Mimi huchanganya unga wake na gundi ya mbao kupaka kitambaa kabla ya kuchora. Rangi inashika vizuri sana.

---

Nyar_Dunga

@Wa_Karagita unga sawa, gundi ya mbao hapana! Nyingi zinageuka njano na kukakamaa baada ya miaka. Mteja amenunua kigogo cheupe, baada ya muda ana kigogo cha chai. Tumia gundi ya akriliki hata kama ni ghali.

---

Wa_Karagita

Zangu bado nyeupe, dada. Lakini hazijazeeka bado, nakubali.

---

RikodaYaZamani

Mimi niliwahi kuwasikia hawa jamaa Nairobi. Nilisimama karibu na dramu kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine. Kuna wimbo wao ulikuwa na kimya katikati, bendi yote inanyamaza, kisha wanarudi kwa pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua kimya hicho kiwe kirefu kiasi gani, maana wote walikuwa wanamtazama yeye. Usiku ule alikirefusha mpaka watu wakaanza kupiga makofi wakidhani wimbo umeisha, ndipo akashusha.

Bado sijaelewa mtu aliyekuwa na uwezo huo anaachaje. Sina hoja. Inaniuma tu.

---

Dada_wa_Lanet

Nimetumiwa uzi huu na watu watatu tofauti, kwa hivyo hata mngeficha jina mara kumi, ukoo mzima umeshajua. Mimi ni dadake mkubwa.

BesiYaMenengai, wewe ni mdogo wangu pia, umekula kwangu, kwa hivyo sikusemi vibaya. Lakini hayo ya kuchoka kungoja watu umeyatunga wewe. Fundi_Sauti ndiye aliyekaribia.

Masikio yake yanalia. Yameanza zamani, kabla ya korona. Alikuwa akija kulala kwangu ananiomba redio, anaiweka katikati ya stesheni mbili pale penye mchakacho, analala nayo usiku kucha. Mimi nikadhani ni tabia za wasanii. Mume wangu alikuwa akiizima, asubuhi anaikuta imewashwa. Siku moja mama alikuwa anamwita nyuma ya nyumba, karibu tu, jina lake, akaita tena, na yeye ameketi anachambua maharagwe hasikii. Mama hakusema kitu. Tukampeleka kupimwa, akaambiwa sauti nyembamba za juu zimeondoka na hazirudi, ila zilizobaki anaweza kuzilinda. Akauliza dramu je. Daktari akamwambia ukiweza kupiga polepole, bila kelele. Mnamjua, huyo apige polepole?

Hakuwaambia bendi kwa sababu mngeanza kupiga polepole kwa ajili yake. Hayo ni maneno yake.

Mzee wa Section 58, kanisani hapakanyagi kwa sababu hizo hizo spika. Mkipunguza sauti atakuja, hana ugomvi na Mungu.

Kuhusu kuchora, amenieleza hivi: akivuta brashi kwa muda mrefu mlio anausahau. Haukomi, anausahau tu. Ndiyo sababu picha zake zina maji mengi, ana mahali pa kuvuta mkono.

Na dramu ziko kwangu Lanet. Watoto wanaanikia soksi kwenye stendi za matoazi. Haziuzwi mpaka mwenyewe aseme.

---

BesiYaMenengai

Dada asante. Hilo hakuniambia.

Sasa naelewa kwa nini alikuwa akiniomba nisogeze spika yangu upande wa pili, nami nikafikiri anataka kuniona vizuri.

---

MzeeWaSection58

Dada wa Lanet, ubarikiwe kwa kusema. Nitaongea na kijana wa mitambo Jumapili hii. Spika za kushoto zimekuwa zikinisumbua hata mimi, nikawa naona haya kusema kwa sababu ya umri.

---

Fundi_Sauti

Mzee, usiongee naye tu, mwambie azigeuze zitazame waumini wala si ukuta wa nyuma, na zile dramu wazizungushie kioo cha plastiki kama wanavyofanya kanisa nyingi za mjini. Kioo peke yake kinarudishia sauti kwa mpigaji, kwa hivyo nyuma yake wapige magodoro au mazulia ukutani. Nikija Nakuru nitapita niwatazamie bure.

---

RikodaYaZamani

Hakuna aliyemrekodi vizuri? Ile sauti iko wapi?

---

BesiYaMenengai

Iko kwenye simu yangu ya zamani, imerekodiwa mfukoni, inasikika besi na mtu akiagiza chipsi.

---

Nyar_Dunga

Basi tuache kulia, tufanye kazi. Mimi na wachoraji wenzangu wachache huku Kisumu tunatundika picha pamoja mara kwa mara, ukumbi ukipatikana. Hakuna asilimia ya kukata, kila mtu anachangia ukumbi na chai. Awamu inayokuja nina nafasi ya ukuta mmoja. Hiyo ndiyo tarehe niliyokuwa nikiisema. Dada wa Lanet, unaweza kumuuliza? Asiulizwe na bendi, ataona mnamhurumia.

Na muziki wa ufunguzi tutaweka nyatiti bila spika. Mtu mmoja, nyuzi nane, mguu unagonga. Hakuna sikio litakaloumia.

---

Dada_wa_Lanet

Nimempigia. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza ukuta una upana gani.

---

Nyar_Dunga

Hatua kama sita za mtu mzima, nitapima kesho nimtumie. Mwanga wa asubuhi unaingia kutoka kushoto, mwambie.

---

Dada_wa_Lanet

Anasema ana picha nne zinazotosha hapo, kubwa. Shida ni usafiri. Fremu hazitaingia kwenye matatu ya Nakuru–Kisumu na Probox hatuna tena.

---

Nyar_Dunga

Asisafiri na fremu. Atoe stepla, aachie kitambaa peke yake, akunje kwa kuviringisha, upande wenye rangi utazame NJE. Watu wote huuficha ndani wakidhani wanaulinda, ndipo rangi inabanana na kujikunja inapofunguliwa. Ikitazama nje inavutika kidogo tu, na ikiwambwa tena inakaa. Kati ya picha na picha aweke karatasi laini isiyo na wino, gazeti hapana. Asibane. Kisha azitie kwenye bomba la plastiki la maji machafu, lile nene, aende kwa muuza vifaa vya ujenzi aombe kipande na vifuniko viwili. Jinsi bomba linavyokuwa pana ndivyo rangi inavyopona. Akae nalo mwenyewe ndani ya gari, lisiwekwe juu ya paa kwenye jua.

Fremu tutapiga huku, nina seremala Kibuye. Anitumie vipimo kwa sentimita, siyo kwa hatua zangu.

---

BesiYaMenengai

Bomba ninalo, lilibaki tulipojenga choo kwa wazazi. Ni jipya, halijatumika, msianze. Dada, nitalileta Lanet jioni.

---

Kijana_wa_Kondele

Mimi niko Kisumu, nina mkokoteni. Akishuka stendi nitampokea na hilo bomba. Na zile dramu nilikuwa naulizia tu jamani.